Mwaka mmoja na kampuni ya kutafutia watoto nafasi katika futiboli ya vyuo vya Marekani: tulicholipia na tulichopata

Kuanzia Agosti 2024 hadi Agosti 2025 nililipia huduma ya kampuni moja inayojitangaza kuwa inawaunganisha wanafunzi wa sekondari na makocha wa futiboli wa vyuo vikuu nchini Marekani. Nililipia watoto wawili: mwanangu, aliyekuwa akianza darasa la 11 katika kitongoji kimoja cha Dallas, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekuja kuishi nasi kutoka Mombasa na wakati huo alikuwa darasa la 10. Kampuni sitaitaja jina, kwa sababu ninayoyaeleza ni ya nyumba moja tu, na pia kwa sababu ahadi za kampuni za aina hii zinafanana mno. Natoa nyota mbili na nusu kati ya tano. Nyota mbili ni za video na za elimu waliyonipa mimi mzazi kuhusu utaratibu wa usajili. Nusu ni ya mhudumu mmoja wa simu aliyekuwa muungwana hadi mwisho. Nyota zilizobaki zimepotelea katika jambo moja, nalo ni masomo.

Futiboli ninayoizungumzia ni ile ya mpira wenye umbo la yai, si kandanda. Msomaji asiyeishi Texas anahitaji kuelewa kwanza hali ambayo simu ya muuzaji inamkuta nayo mzazi. Huku mechi za sekondari huchezwa Ijumaa usiku, mji mzima ukahudhuria. Mji wa Allen, kaskazini mwa Dallas, ulifungua mwaka 2012 uwanja wa shule wenye viti 18,000 uliogharimu dola milioni 60. Mimi niliyekulia Mombasa nikicheza mpira kando ya Tononoka kwa viatu vya kuazima, siku ya kwanza nilipoingia humo nilidhani nimepotea njia nikaingia kwenye mechi ya timu ya taifa. Mtoto anayeshangiliwa katika mazingira kama hayo huamini kwamba chuo kinamsubiri, na mzazi wake, hasa aliye mgeni asiyejua taratibu, huogopa kuwa yeye ndiye atakayemkwamisha. Muuzaji anaijua hofu hiyo vizuri sana. Ambacho hakukitaja katika dakika 40 alizozungumza nami ni hesabu: zaidi ya wavulana milioni 1 hucheza futiboli ya sekondari nchini humu, na kwa makadirio yanayotolewa na NCAA yenyewe, yaani chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ni takriban saba tu katika kila mia wanaofika kucheza katika chuo cha daraja lolote kati ya matatu ya NCAA, la Kwanza likiwa la juu kabisa. Kati ya hao wanaofika chuoni, wanaoendelea hadi ligi ya kulipwa ya NFL hawafikii wawili katika mia.

Bei ilikuwa dola 1,980 kwa mtoto wa kwanza na nusu ya hiyo kwa wa pili, jumla dola 2,970, zilizogawanywa katika awamu 12. Kwa fedha hizo tuliahidiwa mambo manne: ukurasa wa kila mtoto kwenye tovuti yao, video ya matukio yake bora, barua pepe kwa makocha, na mshauri wa kuzungumza nasi mara moja kwa mwezi ambaye pia angesimamia kile walichokiita mpango wa masomo. Kwa haki yao niseme kwamba hawakutuomba asilimia ya ufadhili wowote ambao ungepatikana. Kanuni za NCAA zinakataza malipo yanayotegemea mtoto kupata nafasi, na mzazi akisikia mtu anaomba malipo ya namna hiyo, basi na akate simu, kwa sababu anayeweza kupoteza haki ya kucheza ni mtoto, si huyo mtu.

Video ilikuwa kazi nzuri. Walitumia picha zilizokwisha kurekodiwa na shule kwenye Hudl, tovuti ya video za michezo, wakazipunguza hadi dakika tatu, wakatanguliza matukio matano yenye nguvu kuliko yote, na kila tukio likaanza kwa mshale mdogo unaomwonyesha kijana kabla ya mpira kurushwa, kwa kuwa kocha anayetazama video mia kwa siku hana muda wa kumtafuta mchezaji wa nambari fulani katika kundi la watu 22. Mwanangu ni lainibeka, mchezaji wa ulinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele, na nafasi yake hiyo ni rahisi kuonekana kama ya mtu anayekimbia ovyo ikiwa mtazamaji haonyeshwi pa kuangalia. Ukurasa wa mwanzo wa video uliandikwa mwaka wa kuhitimu, kimo, uzito na wastani wa alama za darasani. Kazi hiyo ilichukua siku tisa. Hata hivyo, video ya pili, ya nusu ya mwisho ya msimu, kijana aliitengeneza mwenyewe kwa kuiga ile ya kwanza, bila malipo, na nikiziweka sambamba sioni tofauti inayofikia mamia ya dola.

Elimu kwa mzazi nayo nilinufaika nayo. Katika kikao cha kwanza walinieleza kwa utulivu mambo ambayo majirani waliokuwa wakinishauri walikuwa wakiyachanganya: kwamba makocha wa futiboli wa Daraja la Kwanza hawaruhusiwi kumwandikia mwanafunzi barua za usajili wala ujumbe wa simu kabla ya Septemba 1 ya darasa la 11, kwa hiyo ukimya wa kabla ya tarehe hiyo hauna maana yoyote, kwamba mwaliko wa kambi ya mazoezi ya chuo uliotumwa kwa maelfu si dalili ya kutakiwa, na kwamba neno tamu la kocha si ofa hadi liandikwe. Hili la kambi walilifundisha vizuri kuliko walivyolitekeleza. Ukurasa wa mwanangu ulionyesha kwa fahari kwamba makocha 61 walikuwa "wamevutiwa", na nilipokaa jioni moja kuufungua ujumbe mmoja baada ya mwingine nikagundua kwamba 44 kati yao ulikuwa mwaliko wa kambi za kulipia, wenye maneno yaleyale, baadhi ukikosea hata nafasi anayocheza.

Sasa nije kwenye masomo, ambako ndiko nilikotarajia makubwa na ambako ndiko nilikoanza kuhesabu fedha zangu upya.

Ili kijana acheze katika Daraja la Kwanza mwaka wake wa kwanza chuoni, NCAA inamtaka awe amemaliza masomo 16 ya msingi: minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati kuanzia aljebra ya kwanza, miwili ya sayansi, mmoja wa nyongeza katika fani hizo tatu, miwili ya elimu ya jamii, na minne mingine kutoka katika fani hizohizo au lugha za kigeni, falsafa na ulinganishi wa dini. Kila somo hapo ni la mwaka mzima. Wastani katika masomo hayo 16 usipungue 2.3 kwa kipimo ambacho cha juu ni 4. Kisha kuna sharti ambalo wazazi wengi hulisikia kwa kuchelewa: masomo 10 kati ya hayo 16 lazima yawe yamekamilika kabla ya darasa la 12 kuanza, na saba kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo 10 zikishafungwa hazirekebishwi kwa kurudia somo, hata kijana akiamka darasa la 12 na kuwa wa kwanza shuleni. Karatasi ya kampuni iliyaeleza haya yote kwa usahihi, na kwa rangi za kupendeza.

Tatizo ni kwamba karatasi ile ilikuwa ya kila mtoto, haikuwa ya mtoto wangu. Somo kuitwa "Kiingereza" katika cheti cha shule hakulifanyi kuwa Kiingereza mbele ya NCAA. Kila shule ya sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyoidhinishwa, orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa za wanafunzi, na mtu yeyote anaweza kuisoma bure akiwa na namba ya shule. Mshauri wetu hakuifungua. Mimi niliifungua mwezi Desemba, usiku, baada ya zamu, na kwa chini ya robo saa nikaona kwamba darasa la Kiingereza cha mawasiliano ya kazini ambalo mwanangu alikuwa amepangiwa muhula unaofuata, na ambalo kampuni ilikuwa imelihesabu miongoni mwa Kiingereza chake cha miaka minne, halimo. Shule ililikubali kwa ajili ya kuhitimu. NCAA isingelikubali kwa ajili ya kucheza. Mshauri wa masomo wa shule, mama mmoja mwenye wanafunzi mia kadhaa chini yake, alimbadilishia darasa kabla muhula haujaanza. Hakunitoza chochote, na aliniomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake.

La mpwa wangu lilikuwa zito zaidi, na naliandika kwa urefu kwa sababu linawahusu watu wetu wengi. Kijana huyu alimaliza Kidato cha Kwanza Mombasa na akaanza cha Pili kabla ya viza yake kutoka. Alipofika Texas shule ilimweka darasa la 9, kwa nia njema kabisa, ili Kiingereza chake cha darasani kipate nafasi ya kukua, nasi tukashukuru, maana hata nyumbani kukariri darasa hakuhesabiwi kuwa jambo baya ikiwa mtoto atashika vizuri. Lakini Daraja la Kwanza huhesabu mihula minane kuanzia siku mtoto anapoanza darasa la 9 mara ya kwanza, popote duniani, na kwa mfumo aliousoma yeye, wa miaka minane ya msingi na minne ya sekondari, Kidato cha Kwanza ndicho mwaka wa tisa. Maana yake ni kwamba saa yake ilianza kuhesabu akiwa bado Mombasa. Kwa kawaida masomo atakayoyamaliza baada ya mihula hiyo minane, ukiondoa machache sana yanayoruhusiwa, hayaingii katika hesabu ya Daraja la Kwanza, na yeye mwaka mzima wa mwisho utaangukia huko.

Kampuni ilikuwa na fomu ndefu ya kumsajili mtoto. Iliuliza kimo cha baba, kimo cha mama, upana wa kiganja na muda wa kukimbia yadi 40. Haikuwa na mahali pa kuuliza mtoto alianzia wapi sekondari. Nililigundua jambo hili mwezi wa tano wa mkataba kwa kumsikia mzazi mwingine, Mnigeria, tukiwa tumekaa viti vya juu uwanjani, na nilipomuuliza mshauri wetu alikaa kimya kidogo kisha akasema "atalifuatilia". Baada ya wiki tatu alinitumia kiungo cha ukurasa wa NCAA niliokwisha kuusoma. Njia zipo: kuna maombi maalumu ambayo chuo kinachomtaka mchezaji kinaweza kuyawasilisha kwa niaba yake, na Daraja la Pili, ambalo linahitaji wastani wa 2.2, hukubali masomo ya msingi yaliyokamilishwa hadi siku ya kuanza chuo. Lakini njia hizo zinamhitaji mtu azijue mapema, akusanye rekodi za shule ya Mombasa, na ampangie kijana masomo magumu ndani ya muda uliobaki. Hiyo ndiyo kazi niliyodhani nimeilipia.

Kulikuwa pia na suala la SAT, mtihani wa kitaifa wa kuombea nafasi ya chuo. Mshauri alimwambia mwanangu kwamba mtihani huo "umefutwa", naye, kijana wa miaka 16, alipokea habari hiyo kwa furaha unayoweza kuifikiria. Ni kweli kwamba Januari 2023 NCAA iliacha kuudai kama sharti la kucheza. Vyuo vyenyewe ni jambo jingine: Harvard, Brown na Dartmouth, ambavyo vyote vina timu za futiboli, vimerudisha sharti la mtihani, na MIT, ambayo wengi hawajui kuwa nayo inacheza futiboli katika Daraja la Tatu, ilikwisha kulirudisha tangu 2022. Kwa kijana mwenye wastani wa 3.7, kimo cha futi 5 na inchi 11 na ratili 195, ambaye kwa akili ya kawaida milango yake iko katika vyuo vya aina hiyo na si katika timu zinazojaza uwanja wa watu 100,000, kauli ile ingeweza kumgharimu mwaka mzima wa maandalizi.

Hapa ndipo penye kasoro ya msingi ya huduma hii, kwa maoni yangu. Kampuni inauza kuonekana, kwa hiyo kila mtoto inampeleka panapoonekana zaidi. Orodha ya vyuo 40 waliyomtengenezea mwanangu ilikuwa na vyuo 31 vya Daraja la Kwanza. Daraja la Tatu, lenye zaidi ya vyuo 200 vinavyocheza futiboli, halikuwa na hata kimoja, na nilipouliza sababu nikajibiwa kuwa "huko hakuna ufadhili". Hakuna ufadhili wa michezo, hilo ni sahihi, na hata vyuo vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe vya hadhi kama Harvard, havitoi. Lakini vyuo hivyo hutoa msaada unaopimwa kwa kipato cha familia, na vingi vya Daraja la Tatu huongeza ufadhili unaotokana na alama za darasani, kiasi kwamba kwa familia kama yetu bei inayobaki inaweza kuwa ndogo kuliko ile ya chuo cha Daraja la Pili kinachokugawia kipande cha skolashipu ya michezo. Hakuna haja ya kubahatisha, kwani tangu 2011 sheria inavitaka vyuo kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha bei halisi, na mzazi akiwa na karatasi zake za kodi anapata makadirio ndani ya nusu saa. Mke wangu alivipitia vyuo 12 kwa jioni mbili. Kilichotangazwa kuwa ghali kuliko vyote kiligeuka kuwa cha tatu kwa unafuu.

Nyaraka zao nazo zilikuwa zimepitwa na wakati. Julai 2025 bado walitutumia kijitabu kinachomfundisha mzazi jinsi ya kutia saini ile Barua ya Taifa ya Kusudio, ahadi ya maandishi ya mchezaji kujiunga na chuo, ambayo NCAA iliiondoa Oktoba 2024, na kinachosema kwamba timu kubwa zina skolashipu 85. Mwezi mmoja kabla, tarehe 6 Juni 2025, jaji Claudia Wilken alikuwa ameidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA, makubaliano ambayo yaliondoa kikomo hicho cha skolashipu kwa vyuo vilivyojiunga nayo, vikawekewa badala yake kikomo cha wachezaji 105 na ruhusa ya kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Athari yake kwa mtoto wa sekondari si ndogo. Zamani timu kubwa ziliweza kubeba vijana wengi wa ziada wasio na ufadhili. Sasa nafasi hizo zimebanwa, huku makocha wakichukua wachezaji wazima waliokomaa kutoka portali ya uhamisho, yaani orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama vyuo vyao. Kijana aliyekuwa akiambiwa "ingia hata bila skolashipu, utajionyesha humohumo" anapewa ushauri wa enzi nyingine.

Nisiwe mchoyo wa fadhila: mikutano yao ya mtandaoni ya kila mwezi ilikuwa na wasemaji wazuri. Katika mmoja alitajwa Myron Rolle, mchezaji wa chuo kikuu cha Florida State, ambaye tarehe 22 Novemba 2008 alihojiwa huko Birmingham, Alabama, kwa ajili ya ufadhili wa Rhodes wa kusoma Oxford, Uingereza, akashinda, kisha akaruka kwa ndege hadi Maryland akaingia uwanjani mchezo ukiwa umeshaanza. Leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Vijana wangu wote wawili waliacha simu zao mezani wakasikiliza. Ila msemaji hakuwaambia kwamba Rolle alikuwa amemaliza shahada yake ya kwanza kwa miaka miwili na nusu, wala kwamba ili aende Oxford aliacha kucheza mwaka mzima, na alipochaguliwa na timu ya NFL ya Tennessee Titans mwaka 2010 ilikuwa raundi ya sita kati ya saba. Ningependa wangelisikia na hilo, maana hapo ndipo mtoto anaona kwamba mtu kama huyo alipanga na akaacha kitu fulani, hakubeba vyote viwili kwa tabasamu.

Orodha ya maswali ya kumuuliza kocha siku ya kutembelea chuo, ambayo pia ilikuwa sehemu ya kifurushi, iliegemea mno kwenye vyumba vya mazoezi na chapa ya viatu. Tulijiandikia yetu. Kanuni inasema mazoezi yanayosimamiwa yasizidi saa 20 kwa wiki katika msimu, na siku moja iwe ya mapumziko. Siku ya mechi, hata ikianza alfajiri kwa safari ya basi na kuisha usiku wa manane, huhesabiwa saa tatu. Kwa hiyo swali la maana si "mnafanya mazoezi saa ngapi" bali ni maabara za kemia na fizikia hufanyika saa ngapi, na ni wachezaji wangapi wa timu hii wanasomea uhandisi. Daraja la Kwanza linamtaka mchezaji awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake anapoanza mwaka wa tatu, 60 mwaka wa nne na 80 mwaka wa tano, na wa futiboli apate krediti tisa katika muhula wa vuli asije akakosa mechi nne za msimu unaofuata. Masharti hayo yaliwekwa kumlinda, lakini yanaweza pia kumsukuma kwenye fani rahisi pale anapogundua mwaka wa pili kwamba akibadili fani asilimia zake zitashuka. Mwanangu aliuliza swali la maabara katika vyuo vitatu. Viwili walimtazama kama aliyeuliza bei ya samaki msikitini. Cha tatu, cha Daraja la Tatu, kocha alitoa ratiba ya mazoezi mfukoni akamwonyesha kwamba siku ya Jumanne wachezaji wenye maabara huingia uwanjani wamechelewa, na hakuna anayeulizwa.

Kuhusu kuvunja mkataba nitasema kwa ufupi. Unajirefusha wenyewe usipotoa taarifa siku 30 kabla. Nilitoa, wakanikata mwezi mmoja zaidi, na baada ya barua tatu wakarudisha. Mhudumu wa simu niliyempa ile nusu nyota ndiye aliyelimaliza.

Kuna jambo moja la mwisho, linalohusu alama ya 68. Texas ina sheria ya tangu 1984 ambayo watu huiita "hufaulu, huchezi": mwanafunzi akipata chini ya 70 katika somo mwishoni mwa kipindi cha kutathminiwa, hukaa nje ya mashindano kwa angalau wiki tatu. Oktoba 2024 mwanangu alipata 68 katika kemia. Msimu wa kawaida una mechi kumi, naye akazikosa tatu akiwa amekaa benchi na fulana ya shule, mama yake akikataa kabisa kumpelekea hata maji. Nilipomweleza mshauri wa kampuni, alipendekeza tuache kuweka alama za kila muhula kwenye ukurasa na tubakize wastani wa jumla tu, kwa sababu "makocha hawasomi ndani". Tukakubali, kwa aibu.

Mwezi Juni 2025 mwanangu alianza kuandika barua pepe zake mwenyewe, kwa vyuo 14 alivyovichagua yeye, akiambatisha karatasi yake yote ya matokeo na kiungo cha ile video aliyoitengeneza. Walijibu makocha tisa. Yule wa chuo chenye ratiba ya Jumanne alijibu siku iliyofuata, na kabla ya kugusia video aliuliza kitu kimoja: kemia ilikuwaje mwaka jana, na muhula wa pili uliishiaje? Kijana alikaa mezani jikoni akaandika kwamba alikuwa akilala saa tano usiku baada ya mazoezi, kwamba alikwenda kwa mwalimu kila Jumatano asubuhi tangu Novemba, na kwamba alimaliza na 86. Aliniomba nisome kabla hajatuma. Kocha ameomba alama za mwanzo wa darasa la 12 ili azipeleke kwa ofisi ya udahili zisomwe mapema, na maombi ya uamuzi wa mapema ya chuo hicho, yaani ya mwanafunzi anayeahidi kuingia akikubaliwa, yanafungwa Novemba 1.